Kutoka Bruxelles hadi Anvers kwa treni: siku moja katika mji uliopokea mali ya Kongo

Safari yenyewe haina mambo mengi. Mtu anapanda treni asubuhi katika Gare Centrale ya Bruxelles, anatafuta kiti kando ya dirisha, anapita Malines, na kabla ya saa moja kwisha ameshafika Anvers. Umbali ni kilomita 45 hivi, karibu nusu ya safari ya kutoka Lubumbashi hadi Kasumbalesa. Treni ni nyingi, kwa hiyo anayechelewa moja anangojea inayofuata bila kulalamika. Wakongomani wanaoishi Matonge, mtaa wao wa siku nyingi katika manispaa ya Ixelles, huifanya safari hii siku za Jumamosi pamoja na watoto, au wanapopokea ndugu kutoka Kinshasa, Goma au Lubumbashi ambaye amechoka kuonyeshwa Atomium.

Wengi huenda kwa ajili ya mambo matatu: duka za barabara ya Meir, bustani ya wanyama, na picha mbele ya kanisa kubwa. Jioni wanarudi na mifuko mikononi. Lakini hakuna mji mwingine wa Ulaya ambao umeshikana na historia ya Kongo kama Anvers, au Antwerpen kama wenyeji wanavyouita kwa Kiflamandi. Bruxelles ndiko maagizo yalitolewa. Anvers ndiko mizigo ilishushwa. Mtu akijua mahali pa kutazama, siku moja inatosha kuona mengi, na karibu yote anaweza kuyafikia kwa miguu.

Njia hii ya reli ni ya zamani sana. Kipande cha Bruxelles hadi Malines kilifunguliwa Mei 1835, kikiwa kati ya njia za kwanza za treni ya mvuke katika bara la Ulaya, na mwaka uliofuata reli ikafika Anvers. Ubelgiji wakati huo ulikuwa na miaka mitano tu ya uhuru. Nchi changa iliona kwamba bila reli ya kuufikia mto Escaut na bandari yake haitaweza kufanya biashara na dunia. Msomaji wa Kongo anaweza kulitambua wazo hilo, maana miaka hamsini baadaye Stanley alisema jambo karibu lile lile kuhusu Matadi na Léopoldville.

Anvers inajitambulisha tangu gare. Anayeshuka hapo kwa mara ya kwanza husimama tu, na wanaokuja nyuma yake wanamgonga na masanduku. Paa la chuma na kioo juu ya treni lina kimo cha zaidi ya mita 40. Mbele yake kuna ukumbi wa mawe wenye kuba kubwa ya mita 75, ngazi za marimari, saa ya dhahabu, nguzo na alama za ufalme. Wakaaji wanaiita kanisa kuu la reli. Mchoraji wake, Louis Delacenserie, aliijenga kati ya mwaka 1895 na 1905. Chini yake, tangu 2007, kuna njia nyingine zilizochimbwa ardhini kwa ajili ya treni za mwendo wa kasi zinazoelekea Amsterdam, na abiria anaweza kuona treni zikiwa zimepangana kwa ghorofa tatu.

Tarehe hizo mbili, 1895 na 1905, zinafaa kubaki kichwani. Ni miaka ile ile ambapo Kongo ilikuwa mali ya mtu mmoja, mfalme Léopold II, chini ya jina la Dola Huru la Kongo, na vijiji vya Équateur vilikuwa vinalazimishwa kuleta kauchu. Si haki kusema kwamba kila jiwe la gare ya Anvers lililipwa na damu ya Kongo. Lakini wakati mafundi walipokuwa wanachonga marimari hapa, reli nyingine ilikuwa inajengwa kule, kutoka Matadi hadi Léopoldville, zaidi ya kilomita 360 kupitia milima ya Kongo ya chini. Ilianza 1890 ikaisha 1898. Hesabu rasmi ya wakati huo inataja wazungu 132 na Waafrika 1.800 waliokufa katika ujenzi, na wanahistoria wengi wanaamini kwamba hesabu ya Waafrika ilipunguzwa. Kati yao walikuwemo watu walioletwa kutoka Sierra Leone, Zanzibar, Barbados, hata Uchina.

Reli ya Matadi ndiyo iliyoifanya Anvers kuwa ilivyokuwa, maana bila hiyo pembe za ndovu na kauchu visingeweza kupita maporomoko ya mto.

Kutoka nje ya gare, upande wa kulia, kuna mlango wa bustani ya wanyama iliyofunguliwa mwaka 1843. Watoto hawakubali kuupita. Humo, pamoja na simba na viboko, anaishi mnyama ambaye picha yake kila Mkongomani ameiona kwenye noti za franka: okapi. Sayansi ya Ulaya ilimtambua rasmi mwaka 1901 tu, ingawa Wambuti wa msitu wa Ituri walimfahamu toka zamani. Anvers ilikuwa ya kwanza kupokea okapi aliye hai katika Ulaya, baada tu ya Vita vya Kwanza vya dunia. Mpaka leo bustani hii ndiyo inayotunza daftari la kimataifa la okapi wote wanaofugwa duniani: nani amezaliwa, nani amekufa, nani apelekwe wapi kuzaa. Kule Epulu, katika hifadhi ya okapi, walinzi wanakabiliana na wachimba dhahabu na vikundi vyenye silaha. Hapa mnyama anakula majani yaliyooshwa, akiwa na jina na namba yake katika daftari.

Upande mwingine wa gare kuna barabara ambazo hazina uzuri wowote: Pelikaanstraat, Hoveniersstraat, Rijfstraat. Majengo ni ya kijivu, kamera ziko kila kona, magari hayaruhusiwi kuingia ovyo. Hii ndiyo sehemu ya almasi, moja kati ya masoko makubwa kabisa ya almasi duniani. Wayahudi wenye makoti meusi wanapishana na wafanyabiashara Wahindi kutoka Gujarat, na kwa desturi yao ya zamani mapatano yanafungwa kwa kupeana mkono na neno la baraka la Kiebrania, mazal.

Almasi ya kwanza ya Kasai iliokotwa mwaka 1907 karibu na Tshikapa. Chini ya kampuni ya Forminière, na baadaye migodi ya Bakwanga ambayo sasa ni Mbuji-Mayi, Kongo ya wabelgiji ikawa kwa miaka mingi nchi ya kwanza duniani kwa uzito wa almasi inayotolewa. Nyingi zilikuwa za viwandani, za kukatia vyuma, si za pete. Lakini zilipita hapa. Tangu 2003 kila pakiti ya almasi isiyosafishwa inapaswa kuwa na cheti cha mpango wa Kimberley, uliowekwa ili almasi isiendelee kulipia vita kama zile za Angola, Sierra Leone na Kongo yenyewe. Mtu aliyekulia Mbuji-Mayi, akiwa amezoea mashimo ya mchanga, mitaa inayoliwa na mmomonyoko na MIBA inayoyumba mwaka baada ya mwaka, anaweza kupita Hoveniersstraat kwa dakika tatu bila kujua ni mahali gani. Hakuna bango linalomwambia.

Kwa chakula, hakuna haja ya kwenda mbali. Nyuma kidogo ya gare kuna De Coninckplein na barabara zinazoizunguka, ambako maduka ya Waafrika yanauza makayabo, sombe, chikwangue na mafuta ya ngazi. Wanaotaka bukari moto watauliza kwa Kifaransa au kwa Lingala na wataonyeshwa mlango. Bei si ya Kinshasa, lakini pia si ile ya mikahawa ya watalii kule mtoni.

Kutoka hapo njia ni moja tu: De Keyserlei, kisha Meir, dakika 20 au zaidi kwa miguu kwa wale ambao hawasimami kwenye madirisha ya duka. Anayesimama atahesabu mwenyewe. Mwishoni kunaonekana mnara wa kanisa kuu la Mama Yetu, mita 123 za mawe yaliyochongwa kama kitambaa cha kushona. Ujenzi ulianza 1352, mnara ukakamilika mwaka 1521. Ndani kuna picha kubwa za Rubens, mtoto maarufu wa mji huu. Kuingia ni kwa kulipa, na kwa wapenzi wa sanaa pesa hiyo si hasara.

Hatua chache zaidi na mtu amefika Grote Markt, uwanja mkubwa wa mji wa kale. Nyumba za vyama vya mafundi zimesimama bega kwa bega, na upande mmoja ni jumba la meya lililojengwa kati ya 1561 na 1565. Katikati kuna sanamu ambayo Mkongomani yeyote atalazimika kuitazama mara mbili. Ni kijana uchi wa shaba, mwili umejikunja nyuma, tayari kurusha kitu. Alichoshika ni mkono wa mtu uliokatwa. Maji yanatoka kwenye kifundo cha mkono huo kama damu na kuanguka moja kwa moja juu ya mawe.

Wenyeji wanaijua hadithi tangu shule ya msingi. Zamani sana, jitu moja kwa jina Druon Antigoon lilikaa kando ya mto Escaut likitoza ushuru kila mpita njia wa maji. Asiyelipa alikatwa mkono. Askari wa Kirumi aitwaye Brabo akalishinda jitu, akalikata mkono na kuutupa mtoni. Watu husema ndiyo asili ya jina la mji, kutupa mkono, ingawa wataalamu wa lugha hawakubali. Mkono umekuwa alama ya Anvers. Uko kwenye nembo ya mji. Uko pia madukani: biskuti na chokoleti za umbo la mkono, zinazoitwa handjes, zimefungwa katika makopo mazuri ya kupelekea wageni zawadi.

Hadithi ya Brabo ina umri wa karne nyingi kupita ukoloni, na hakuna aliyeibuni ili kuwadhihaki Wakongomani. Hilo lisemwe wazi. Lakini sanamu yenyewe, kazi ya Jef Lambeaux, iliwekwa hapo mwaka 1887, miaka miwili baada ya Dola Huru la Kongo kuanzishwa. Na katika miaka iliyofuata, kampuni yenye jina la mji huu, Société Anversoise du Commerce au Congo, ilipewa eneo zima la Mongala kuchuma kauchu. Iliundwa mwaka 1892, na kiongozi wake mkubwa alikuwa mwanabenki wa Anvers, Alexandre de Browne de Tiège. Mwaka 1900 ukatili wa mawakala wake ulifika hata kwenye magazeti ya Ubelgiji.

Huko Kongo mikono ilikatwa kweli. Askari wa Force Publique walitakiwa kuthibitisha kwamba risasi haikupotea bure kwa kuwinda nyama, na uthibitisho ulikuwa mkono wa kuume wa aliyeuawa. Wengine waliokatwa hawakuwa wamekufa. Mwaka 1904 mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris alimpiga picha baba mmoja, Nsala, akiwa ameketi barazani kule Baringa, katika jimbo la sasa la Tshuapa, akiangalia mkono na mguu wa binti yake. Baringa ilikuwa chini ya kampuni nyingine, ABIR, ambayo kauchu yake pia iliuzwa Anvers. Picha ile ilizunguka Uingereza na Marekani na kuwafanya watu wengi waamini yale ambayo hawakutaka kuamini.

Ni vigumu kuwaeleza watoto haya yote huku wakiwa na chokoleti ya mkono mdomoni. Wazazi wengi hawajaribu. Wengine huona ni afadhali mtoto asikie Grote Markt, mbele ya sanamu, kuliko asikie kwa mara ya kwanza shuleni kwa mwalimu anayeharakisha kumaliza somo.

Kutoka uwanjani mpaka mtoni ni dakika tano. Hapo kuna Steen, ngome ya karne ya 13, jengo la zamani kuliko yote ya mji, na mbele yake Escaut yenyewe, pana, ya rangi ya matope, ikipanda na kushuka kwa maji ya bahari. Kwa zaidi ya karne mbili Waholanzi walioshika mdomo wa mto waliifunga bandari hii, na hata baada ya uhuru Ubelgiji uliendelea kulipa ushuru kwa kila meli mpaka 1863, ulipoununua ushuru huo mara moja kwa zote. Miaka miwili baadaye Léopold II akapanda kiti cha ufalme. Bandari ilikuwa wazi, na ilikuwa inatafuta mizigo.

Meli ya kwanza ya safari za kawaida kwenda Kongo ilitoka hapa mwaka 1895. Iliitwa Léopoldville. Baadaye kukawa na Albertville, Elisabethville, Baudouinville, Jadotville, Charlesville, majina ya miji ya Kongo yakielea juu ya maji ya Ubelgiji. Maafisa, mapadri, masista, madaktari, wahandisi wa Union Minière: kwa miaka 65 karibu wote walianzia kwenye magati haya, familia zikipunga vitambaa, na safari hadi Matadi ilichukua zaidi ya wiki mbili. Charlesville ilibaki ya mwisho. Iliuzwa Ujerumani ya Mashariki, ikageuzwa bweni, na mwaka 2013 ikazama karibu na pwani ya Poland ilipokuwa inavutwa kwenda kukatwa vyuma.

Wakongomani nao walikuwa ndani ya meli hizo, si kama abiria. Mabaharia kutoka Matadi na Boma walichoma makaa na kufanya kazi jikoni, na walipofika Anvers walikuwa na nyumba yao ya kupumzikia iliyoitwa Ndako ya Bisu, yaani nyumba yetu. Vizazi viwili kabla ya Matonge kuwa Matonge, Lingala ilikuwa ikisikika tayari kwenye barabara za bandari hii.

Na ni kwenye magati haya haya ndipo siri ya Léopold ilipoanza kufichuka. Karani kijana wa kampuni ya meli ya Liverpool, Edmund Dene Morel, alitumwa hapa mara kwa mara mwishoni mwa miaka ya 1890 kusimamia upakiaji. Hakuwahi kukanyaga Kongo. Alisoma hesabu tu. Aliona meli zinakuja zimejaa kauchu na pembe za thamani kubwa. Aliona zinarudi zikiwa na maafisa, bunduki na risasi, na karibu hakuna bidhaa za kubadilishana. Ikiwa watu wa Kongo hawalipwi kitu, alijiuliza, wanafanya kazi kwa nini? Jibu lilikuwa moja tu. Mwaka 1901 aliacha kazi, na mwaka 1904, baada ya ripoti ya balozi mdogo wa Uingereza Roger Casement, walianzisha pamoja chama cha kudai mabadiliko Kongo. Mwaka 1908 Léopold alilazimika kuiachia Ubelgiji koloni yake. Mambo makubwa hayo yalianzia kwenye karatasi za karani aliyesimama kwenye upepo wa mto huu. Leo watu wanakimbia mazoezi hapo na kula aiskrimu.

Ukifuata mto kuelekea kaskazini unafika MAS, jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 2011, mnara wa mawe mekundu wenye kimo cha mita 60. Kupanda mpaka paani ni bure, na toka juu bandari inaonekana yote, korongo na makontena mpaka macho yanaposhindwa. Ni bandari ya pili ya Ulaya baada ya Rotterdam. Jirani kuna jumba lingine linaloheshimu mamilioni ya Wazungu waliopanda meli za Red Star Line kwenda kutafuta maisha Marekani. Meli za Kongo hazina jumba lao.

MAS inatunza maelfu ya vitu vya Kongo. Kundi la kwanza kubwa lilifika mwaka 1920, wakati waziri wa makoloni Louis Franck, mwana wa Anvers, alipoupa mji wake zawadi ya sanamu, vinyago na vyombo. Mwaka 2020, miaka mia moja baadaye, jumba lilifungua maonyesho yaliyoitwa 100 x Congo, na safari hiyo swali lilikuwa mbele: vitu hivi vilipatikanaje? Vingine vilinunuliwa, vingine vilitolewa, vingine vilichukuliwa katika vijiji vilivyochomwa. Kwa vingi, hakuna karatasi.

Hapa ndipo mambo yanabaki wazi mpaka leo. Juni 2022, mfalme Philippe alipotembelea Kinshasa, Lubumbashi na Bukavu, alileta kinyago kikubwa cha Kakuungu cha Wasuku, lakini kwa mkopo. Mwezi uliofuata Ubelgiji ulitunga sheria ya kurudisha vitu vilivyochukuliwa isivyo halali wakati wa ukoloni. Sheria hiyo inahusu mali ya serikali kuu, kama ile ya jumba la Tervuren. Mkusanyo wa Anvers ni mali ya mji. Kwa maneno mengine, anayesimama mbele ya kioo cha MAS akitazama sanamu ya Waluba au Wasongye anatazama kitu ambacho kurudi kwake kunategemea baraza la mji wenyewe, si bunge la Bruxelles. Na Kinshasa ina jumba jipya la taifa, lililofunguliwa 2019, ambalo hoja ya kwamba Wakongomani hawana mahali pa kutunzia vitu vyao imekutana nalo na kunyamaza.

Sanamu ya Léopold II nayo imeondoka. Ilikuwa Ekeren, pembeni ya mji, toka 1873. Juni 2020, katika siku za maandamano baada ya kuuawa kwa George Floyd, ilichomwa moto na kumwagiwa rangi, na tarehe 9 korongo likaing'oa na kuipeleka kwenye stoo ya makumbusho ya Middelheim. Wiki tatu baadaye, siku ya miaka 60 ya uhuru, mfalme Philippe alimwandikia rais Tshisekedi akionyesha masikitiko yake makubwa. Neno la kuomba msamaha halikuwemo.

Wenye muda washuke upande wa kusini kwa tramu. Njiani, barabara ya Nationalestraat, kuna taasisi ya magonjwa ya nchi za joto, iliyohamia Anvers miaka ya 1930 na iliyofundisha madaktari wengi waliotumwa Kongo. Septemba 1976 thermos moja ya kawaida, kama ya chai, ilifika hapo kwa ndege kutoka Kinshasa. Ndani, katika barafu iliyokwisha yeyuka, kulikuwa na chupa ndogo za damu ya sista mmoja aliyeugua Yambuku, mojawapo ikiwa imevunjika. Daktari Jean-Jacques Muyembe alikuwa amekwenda Yambuku na kuchukua damu kwa mikono mitupu. Kijana Peter Piot alikuwa kati ya walioifungua chupa iliyobaki bila kujua wameshika nini. Ilikuwa Ebola. Yambuku iko Bumba, jimbo la Mongala, mle mle katika nchi ambayo Anversoise ilichuma kauchu yake. Siku hizi damu ya mgonjwa inapimwa Kinshasa au Goma na vijana wa INRB, taasisi ya Muyembe mwenyewe, na wale wa Anvers ni washirika.

Mbele zaidi ni mtaa wa Zuid, na jumba kubwa la sanaa lenye nguzo, lililofunguliwa tena mwaka 2022 baada ya miaka 11 ya matengenezo. Vijana wanakaa kwenye uwanja, watoto wanacheza na maji. Katika mtaa huu, mwaka 1894, yalifanyika maonyesho ya kimataifa, na kati ya vitu vya kutazama kilijengwa kijiji cha Wakongomani. Watu 144 waliletwa kwa meli na kukaa humo, wakipika, wakipiga ngoma, wakitazamwa na umati uliolipa kiingilio. Baadhi yao waliugua na kufia Anvers, mbali na kwao. Miaka mitatu baadaye jambo lile lile lilirudiwa Tervuren kwa watu wengi zaidi. Makaburi saba ya Tervuren yanajulikana na watu hupeleka maua. Ya Anvers yanazungumzwa kidogo zaidi.

Kutoka Zuid tramu inarudi mjini. Mtu wa Lubumbashi mwenye muda wa siku ya pili angeweza kwenda pia Hoboken, kitongoji ambako shaba ya Katanga ilikuwa inasafishwa. Kwa miaka mingi mzigo uliondoka Élisabethville kwa reli hadi Ilebo, ukashuka Kasai kwa mashua hadi Léopoldville, ukapanda treni ya Matadi, kisha meli, na kushushwa kwenye mto huu huu. Njia hiyo ilikamilika mwaka 1928. Leo treni ya SNCC kutoka Lubumbashi kwenda Ilebo ikiondoka, hakuna anayethubutu kutaja siku ya kufika, na watu wanaendelea kupanda juu ya mabehewa ya mizigo, hata baada ya makumi kufa kule Buyofwe, Lualaba, Machi 2022.

Katika gare ya Anvers, ubao unaonyesha treni za Bruxelles mpaka usiku. Siku za Jumamosi ni vizuri kupanda kabla ya saa kumi na mbili jioni, maana baada ya hapo viti vinajaa na familia zenye watoto husimama mpaka Malines.